Mshipa wa Baba Ulikuwa Juu

Baba alirudi nyumbani Kitale kutoka kupigwa picha ya kifua, akasema ameambiwa ana mshipa. Kwetu mtu akitaja mshipa, watu hufikiria ngiri. Shangazi, dada yake, akacheka. "Mshipa tu? Si hata jirani alipasuliwa wake, na bado analima."

Kwa hivyo baba akaendelea kubeba magunia ya mahindi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani bila kazi, na jambo moja halikuniingia akilini: kifua kimepigwa picha kwa sababu ya kikohozi, ngiri imeonekanaje? Nikaichukua karatasi ya majibu. Ilisema aota, mshipa mkuu wa damu, imevimba. Nikasoma kwenye simu hadi betri ikaisha, na tangu hapo kila baba alipoinamia gunia nilishika kifua changu mwenyewe.

Siku ya kliniki tulikwenda Bungoma sote watatu. Nilikuwa nimeandika maswali kumi na saba. Nikaanza na moja: "Daktari, ni mshipa upi?"

Daktari, mama wa makamo, akachora moyo, kisha bomba linalopanda kutoka humo na kujipinda kama mpini wa mwavuli. Katikati ya bomba akatia tumbo. "Hapa ukuta umelegea, damu inausukuma. Ni kama tyubu ya baiskeli iliyovimba upande mmoja. Ukipasuka, hatuna muda."

Shangazi akauvuta mchoro karibu.

"Basi nipasuliwe," baba akasema.

"Bado, mzee. Uvimbe haujafika kipimo cha kupasuliwa, na upasuaji wenyewe una hatari zake. Meza dawa za presha, tupige picha tena baada ya miezi sita. Na magunia, hapana."

Nikauliza, na ukikua? Alisema sehemu iliyovimba hukatwa, pakashonewa mrija wa kitambaa. Wengine, kulingana na mahali uvimbe ulipo, huingiziwa mrija uliokunjwa kupitia mshipa wa kinena.

"Kinena?" Shangazi akafufuka. "Si nilisema ni wa huko chini."

Hata daktari alicheka. Baba yeye alitaka kujua kitambaa ni cha aina gani.

"Polista."

Akapindua kola ya shati lake, akaichunguza. "Kama hii?"

"Ni ndugu."

Jumamosi mnunuzi wa mahindi alifika na pikapu. Baba akainamia gunia la kwanza. Alikaza kamba, akainuka mikono mitupu, akavuta kiti kivulini.

"Bebeni," akawaambia vijana wa pikapu, kisha akaanza kuwakosoa.