Miaka Minne ya Kuongezewa

Nilikuwa nanyoosha bodi za magari katika gereji moja Kawempe, Kampala. Niliacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo watatu, na nyundo ndiyo iliyotulisha. Baada ya miaka kadhaa niliweza kutazama gari lililobondeka nikajua umri wa dereva kabla hajafungua mdomo. Mzee huleta gari lililokwaruzwa ubavuni, maana haoni vizuri nguzo ya geti lake mwenyewe. Kijana huleta gari lisilo na pua.

Miaka ile ya utawala wa jeshi, magari yasiyo na pua yalikuwa mengi. Wahindi walipofukuzwa, wanajeshi waliyatwaa magari yao, na wengine hawakuwa wamewahi kuendesha hata baiskeli. Wakawapa usukani vijana wanaojua kuwasha injini na kupiga honi. Vijana hao waligonga miti mchana kweupe, kwenye barabara iliyonyooka, na waliopona wote walilaumu breki. Breki nilizikuta nzima. Hakuna aliyekumbuka kuzikanyaga.

Luteni mmoja aliyekaa kwenye fleti za Bugolobi alikuwa na dereva mwenye mvi ambaye hakuwahi kutuletea kazi hata ya taa iliyovunjika. Akamfukuza. Alisema mzee yule anaendesha kana kwamba amebeba maiti. Sasa alimtaka mdogo wangu anayenifuata, mwenye miaka kumi na saba, ambaye udereva wake wote alikuwa ameupata kwa kusogeza magari uani mwa gereji.

Leseni ilitaka mtu mzima. Kwa kuwa mdogo wangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, mlezi ndiye aliyetakiwa kuandika umri na kutia sahihi. Mlezi ni mimi. Luteni alikuja mwenyewe na fomu, mdogo wangu akiwa nyuma yake, tayari amevaa miwani ya jua ya kuazima.

"Fundi, andika ishirini na moja," luteni alisema. "Miaka iko ndani ya kalamu tu."

"Afande, huyu nimemtawaza mimi mwenyewe alipokuwa mchanga. Najua alizaliwa lini."

Mafundi wenzangu waliacha kugonga. Watu walikuwa wakipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Niliandika kumi na saba, nikatia sahihi, nikamrudishia fomu kwa mikono miwili. Aliisoma, kisha akacheka. Akasema Kampala imejaa vijana ambao kaka zao wana akili, akaondoka zake.

Jioni, mbele ya wadogo zake, mdogo wangu alitema alichokuwa nacho moyoni.

"Umeniziba riziki kwa sababu wewe ni mwoga, kaka."

Nilimpakulia posho, ugali wetu wa mahindi, na maharage. Alinuna mwezi mzima, nami nikamwacha anune. Mtu aliyenuna hula, hulala, na asubuhi huamka.