Mluzi wa Masele kwenye Banda la Ndama

Saa tano asubuhi baruti inalia machimboni, jirani na Masumbwe. Mabati ya banda yanatetemeka. Ndama kumi na wawili wanakurupuka, na Masele, mzee wa miaka hamsini na minane, amesimama nje ya uzio, kiganja mdomoni.

Hataki kujisahau tena.

Kwa miezi mitatu alifanya kazi ndani ya banda hilo kwa laki moja na nusu kwa mwezi. Ndama sita aliwapa maji yenye dawa iliyokamuliwa kwenye giligilani, kiungo kilekile cha pilau; sita wengine maji matupu. Vifaa vilivyofungwa vifuani vilirekodi mapigo ya moyo baruti ilipolia, na kila Ijumaa Noela, daktari wa mifugo, alikuja kuyasoma aone kama dawa inapunguza woga. Masharti yalikuwa awashike kamba tu, asiwabembeleze.

Asiwabembeleze! Msukuma aliyekulia zizini?

"Ng'ombe wangu saba walikurupushwa na baruti mwaka juzi, wakatumbukia kwenye duara, shimo refu lililoachwa na wachimbaji," anasema. "Niliwasikia wakilia huko chini mpaka wakanyamaza. Sasa ndama anatetemeka mbele yangu, nifanyeje?"

Akapiga mluzi. Ule wa taratibu, wa kunyweshea ng'ombe. Kila siku, kwa wote kumi na wawili, bila hata kujijua.

Matokeo yakaonyesha wote wametulia sawasawa. "Baba Rhoda, dawa haina kitu," Noela alimwambia Masele. "Naachana nayo. Ila wewe umewatunza vizuri, nitakuombea ajira ya kudumu."

Ajira! Jamani, nani hapa hataki ajira? Masele alilala nayo siku mbili. Siku ya tatu akamfuata.

"Daktari, dawa usiitupe. Mwenye kosa ni mimi. Nimekuwa nikiwapigia mluzi, hata wasiokunywa dawa wakatulia."

"Miezi mitatu, Baba Rhoda!" Noela alisema, machozi yakimlenga.

Kazi ikaota mbawa. Leo majaribio yanaanza upya, na kamba anazishika Januari, kijana wa Kahama mjini ambaye hajawahi kuchunga hata mbuzi.

"Heri yeye, hana uchungu nao," anasema Masele. "Dawa ikifaulu nitatafuta mtamba mmoja, nifuge hapahapa penye baruti. Kwingine sina ardhi."

Ndani ndama mmoja analia, sauti nyembamba. Masele anageuka na kuondoka mbiombio, kabla midomo haijajikunja kupiga mluzi.