Bibi wa Kwenye Kiti Barazani

Mkasa huu sijawahi kuusimulia mwenyewe, maana Katesh nzima ilinitangulia, lakini kwa kuwa mmeusikia kwa bodaboda (ambao wameongeza chumvi, eti nilimbeba mgongoni), acha niwape ulivyokuwa, na aibu yangu niimeze mbele yenu.

Duka letu la nguo lilijaa suruali za kubana na vigauni vya mabinti, akina mama wa makamo wakawa wanachungulia na kupitiliza. Nikaona kwenye simu kwamba maduka ya mjini siku hizi yanafungua sehemu ya watu wazima, nami nikafungua ya kwangu: madera mapana, sweta za upepo wa mlima Hanang, kioo kikubwa, chai ya maziwa. Tatizo likawa sanamu la kuonyeshea nguo, kwa sababu yote niliyonayo yana viuno vya watoto wa shule. Nikachukua moja lililovunjika miguu, nikalijaza matambara tumboni na kiunoni, nikalivika dera na kilemba, nikalitupia shuka mabegani, na kwa kuwa halikuweza kusimama (hapa ndipo nilipojiponza) nikaliketisha kwenye kiti barazani.

Watu wakaanza kulisalimia. Dada mmoja wa Getanuwas aliingia kunishtakia: "Huyo bibi yako nimempa shikamoo mara mbili, amenyamaza. Nimemkosea nini?"

Sasa mjue kwamba tulikuwa tumepeleka posa Dongobesh kwa kina Rukia, na jibu halijaja, maana mama yake alisema hatoi mtoto kabla ya kujua huyo mchumba anaishije na watu. Huyo mama nilikuwa sijamwona hata kwenye picha. Na Rukia nilikuwa nampenda, sioni haya kusema, chakula kilikuwa hakipiti.

Ijumaa natoka msikitini, wingu limeshuka mlimani, matone yameanza. Nikaona sanamu langu kwenye kiti, limejifunika shuka mpaka kichwani (nikajua dada yangu Zuhura ndiye aliyelifunika). Nikalijia kwa nyuma, nikapitisha mikono chini ya kwapa, nikanyanyua. Zito kweli, nikadhani matambara yamelowa.

"Haya bibi kizee, twende," nikaliambia, "wiki nzima umekaa hapa hujauza hata soksi."

"Unanipeleka wapi?"

"Stoo," nikajibu, maana mdomo wangu hutangulia akili.

Hapo Zuhura akatokea mlangoni kalikumbatia sanamu, kumbe alishaliingiza ndani kabla ya mvua. Nikabaki nimening'iniza mama wa watu, nikimwachia ataanguka, nikiendelea kumshika ni balaa. Bodaboda mmoja ng'ambo ya barabara akauliza, "Bosi, na huyo ni saizi gani?"

"Mimi ni mama yake Rukia," akasema yule mama taratibu, miguu bado iko hewani. "Gari imenichosha, nikaona kiti, usingizi ukanipitia. Niweke chini, halafu unisalimie."

Nikamweka. Shikamoo ilitoka kwa sauti ya kifaranga. Marahaba sikuisikia. Aliingia ndani, akanywa chai vikombe viwili, akajaribu lile dera la sanamu mbele ya kioo, akalichukua, akaondoka bila kunitazama. Mimi nikaingia stoo nikalia, na Zuhura badala ya kunibembeleza akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Nilishajihesabu mseja wa maisha. Siku kadhaa baadaye mjomba wangu aliyetupelekea posa akarudi na jibu kutoka Dongobesh, akajitahidi kulisema bila kucheka, akashindwa: "Mama mtu anasema uende ukamchukue binti. Mama yake umeweza kumbeba, na binti ni mwepesi zaidi."

Rukia yupo ndani sasa hivi anawachemshia chai. Sanamu bado liko barazani, na mimi tangu siku ile chochote kilichokaa kwenye kiti nakipa kwanza shikamoo, nasubiri, na kikinyamaza narudia tena kwa sauti, ndipo nakibeba.