Kivuli Juu ya Paneli

Mtaani walimwita Fundi Jua, na wapo waliomtania kwamba hata mawingu humwomba ruhusa kabla ya kutanda. Hakuudhika. Kwa miaka kumi na minane alipanda mapaa ya watu kufunga paneli za umeme wa jua, na katika kila nyumba alirudia somo lilelile: mwanga ukigonga vipande vyeusi vya paneli, umeme huanza kutembea kutoka kipande hadi kipande, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akisinzia kivulini, mstari mzima unamngoja. Basi mti unaotia kivuli ukatwe, na hapo hapakuwa na mjadala.

Lakini mganga hajigangi. Nyuma ya nyumba yake ulisimama mwarobaini uliopandwa na binti yake wa pekee akiwa darasa la tatu. Homa ilimchukua kabla mche haujamfika kiunoni. Mti ukakua peke yake, na sasa kila alasiri kivuli chake kilitambaa juu ya paneli za paa lake mwenyewe, wakati huohuo ambapo betri zilipaswa kujaa kwa ajili ya mashine ya kumsaidia mkewe kupumua.

Fundi alisema betri zimechoka, akanunua nyingine. Akapanda mtini na mkasi wa kushonea, akapunguza ncha za majani taratibu, kama anayemnyoa mtoto.

Jioni moja, kabla jua halijazama, mashine ilizima. Alimkuta mkewe ameshikilia ukingo wa kitanda, midomo imebadilika rangi. Mtungi wa akiba wa oksijeni ndio uliomwokoa.

Pumzi ilipomrudia, mkewe alimtazama.

"Betri hazina kosa, mume wangu. Nimeishi na fundi miaka yote hii, nisijue kivuli?"

"Nilishamzika mara moja," akajibu, macho chini.

"Na mimi ndiye niliyemzaa. Ukate. Usinifanye nimfuate kwa sababu ya mti."

Asubuhi aliazima msumeno. Jirani alijitolea kumsaidia, lakini Fundi akamshukuru na kumrudisha kwake. Alikata tawi baada ya tawi, akiyashusha kwa kamba ili yasianguke kwa kishindo.

Alasiri jua likamwagika dirishani hadi kitandani, mahali ambapo halikuwa limefika kwa miaka mingi. Mashine ilivuma bila kukatika. Mkewe aligeukia ukutani, akamwomba ashushe pazia.