Kahawa ya Mwenyekiti

Nyumbani kwangu mgeni hapewi kahawa ya kutafuna. Nampa chai. Majirani wanasema nimeiga Uzungu, nami nawaacha waseme.

Enzi ya Waingereza nilikuwa winga wa kulia wa timu moja ya Bukoba mjini. Mwenyekiti wetu, mnunuzi wa kahawa, alituahidi shilingi kumi kwa kila mechi. Kwetu Muleba, baba alikuwa ameuza kahawa yake ikiwa bado maua mtini ili mama atibiwe. Aliyeinunua, mtu wa huko huko Muleba, alikubali kurudishiwa fedha zake kabla ya mavuno. La sivyo, angechuma yeye. Nikamwambia baba asihangaike, miguu yangu itaikomboa. Nilijiona dume kweli.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka, mwenyekiti akaacha kulipa. Tulicheza miezi mitatu kwa ahadi tupu. Zilipobaki wiki mbili kufika mavuno, tulikwenda kwake sote kudai. Mimi nilikuwa nimesoma kuwazidi wenzangu, wakanichagua niwe msemaji.

Mke wa mwenyekiti alipiga magoti, akatuletea amwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Kwetu, ukishatafuna kahawa ya mtu, huwezi kufungua ugomvi chini ya paa lake siku hiyo. Mwenyekiti alilijua hilo, na sisi tulilijua. Nikachukua. Wenzangu wakachukua.

Kipa wetu, kuli wa bandarini aliyetoka Mwanza, hakunyoosha mkono.

"Mimi nimekuja kudai," alisema. "Sikuja kutafuna."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Utusamehe, waitu," nilimwambia mwenyekiti kwa heshima. "Huyu ni mgeni, hajui adabu."

"Si neno, mwanangu."

Akatuzungumzia habari za mvua, akatunywesha rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaaga tukishukuru. Kipa alibaki amekaa barazani.

Kesho yake tulirudi kudai, tukakuta mlango umefungwa. Mwenyekiti alikuwa amepanda meli ya alfajiri, na hakurudi mpaka mavuno yalipokwisha. Lakini kipa alikuwa amelipwa. Alikaa pale barazani hadi mwenye nyumba akachoka kumtazama, akamtolea fedha zote alizomdai. Alinionyesha noti zake bila kunicheka. Afadhali angenicheka. Nilimchukia yeye kuliko mwenyekiti, na hadi leo najionea haya kwa chuki ile.

Nilirudi Muleba mikono mitupu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitafuna kahawa yake?"

"Nilitafuna, tata."

"Basi usingeweza kusema kitu," alijibu. "Nilikulea vizuri."

Heri angenipiga. Mavuno yalipofika, watu wa yule aliyeinunua kahawa ya baba ikiwa maua waliingia kibanjani, shambani kwetu, na vikapu vyao, wakaanza kuchuma. Baba aliwatazama kidogo, kisha akamwita mama, aliyekuwa bado anajikongoja, akamwambia awapelekee amwani, kama wageni wowote.