Kufuli la Pruitt

Gari likishavutwa hadi yadi ya polisi hapa Tolliver, Nebraska, sheria inaruhusu lipekuliwe bila hati ya hakimu. Si kusaka ushahidi. Ni kuandika kilichomo, mwenyewe asije akadai kaibiwa. Wengi huifanya kazi hiyo wakipiga miayo. Askari Loretta Hruska aliipenda. Akikuta viatu vya mtoto garini, alivifuta tope kabla ya kuviweka.

“Bi harusi anapanga sanduku!” wenzake walimtania.

“Na wewe hujaalikwa,” alijibu, akaendelea.

Kituoni utaratibu ulikuwa mmoja: chenye kufuli hakifunguliwi, kinabandikwa utepe na kuhifadhiwa hivyo hivyo. Siku lilipoletwa gari la Duane Pruitt, aliyekamatwa akiendesha bila leseni, Sajenti Kopecky alivunja kufuli la sanduku lake la zana. Ndani zilijaa dawa za kulevya. Mji mzima ulishangilia, Loretta naye, maana Pruitt alikuwa akiwauzia watoto wa shule.

Kabla ya kesi, Kopecky alimvuta pembeni. “Wakikuuliza, sema huwa tunafungua.”

“Lakini hatufungui, afande.”

“Kwa hiyo unamtetea Pruitt?”

“Pruitt? Hata kumwona sitaki.”

Ilimuuma sana. Kopecky ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyebeba jeneza la mumewe. Kusema kweli kulikuwa kumvua nguo hadharani.

Mahakamani wakili wa Pruitt aliuliza, “Masanduku yenye kufuli, huwa mnayafungua?”

Loretta alimtazama Kopecky, kisha hakimu. “Hatuyafungui, mheshimiwa. Hili lilivunjwa tu.”

Hakimu akaukataa ushahidi: kuvunja kufuli nje ya utaratibu ni kusaka bila hati. Pruitt akatoka huru, na mlangoni akamnyooshea Loretta mkono kumshukuru.

“Ondoa mkono wako. Siku nikikushika kwa haki, utanikoma.”

Mimi ningesema uongo, na wengi wenu pia. Yeye alikula mwaka mzima wa kununiwa. Kopecky hakumsemesha ila la kazi, na Loretta hakuomba radhi kwa kusema kweli.

Kisha mtoto wa Kopecky akakamatwa akiendesha amelewa, gari lake likavutwa hadi yadini. Vijana wa kituo walishaanza kuvaa glavu, wakichekeana. Kopecky akasimama mlangoni, uso umemshuka.

“Loretta, nenda wewe,” alisema. “Mwingine asiliguse.”