Povu la Zimamoto

Povu la zimamoto lilinuka kama kwato zinazochomwa. Kila Jumatatu asubuhi wazimamoto walipojaribu mzinga wa kurushia povu ulio juu ya gari lao, upepo wa ziwani ulituletea harufu ile hadi ndani ya nyumba yetu ya nyasi, iliyokuwa nyuma ya ua wa uwanja mdogo wa ndege nje ya Homa Bay, na mdogo wangu Otieno aliacha uji wake akakimbia kutazama. Gari lilikuwa refu kuliko nyumba yetu, lenye magurudumu sita na tangi kubwa la maji, kwa kuwa kando ya njia ya ndege hapakuwa na bomba. Dereva wake, Baba Awuor, alimvika Otieno kofia yake ngumu na kumfundisha jina la kila kifaa. Mimi alinitania. "Nyar Karungu," aliniita, yaani binti wa Karungu, kwa sababu marehemu baba alitoka huko, "leo nyasi zimekushinda?" Nami nilimjibu, "Afadhali mimi nafyeka. Wewe unakaa kivulini kungoja ndege."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikapata kibarua cha kufyeka nyasi za uwanja, ili Otieno asome.

Alasiri moja ya kiangazi, Otieno akiwa shuleni, niliacha chungu cha nyoyo jikoni, yaani mahindi na maharagwe ya jioni, nikiamini kwamba makaa yalikuwa yanakufa. Nikiwa katikati ya uwanja niliona moshi juu ya paa letu. Nilitupa fyekeo, nikamkimbilia Baba Awuor, ambaye tayari alikuwa ameshika usukani.

"Nyumba ndiyo ile! Maji unayo!"

"Nyar Karungu, ndege iko hewani, inashuka. Siruhusiwi kuondoka hapa."

"Otieno atalala wapi?"

Aligeuza macho kwenye njia ya ndege. Gari halikusogea. Ndege ilitua salama, abiria wakashuka na mikoba yao, mmoja akaupiga picha moshi wetu. Ndipo gari likaja likimwaga povu jeupe juu ya majivu. Ndani ya majivu yale kulikuwa na sanduku la mama, na ndani ya sanduku picha pekee ya wazazi wetu. Otieno alikuwa na miaka saba. Leo hakumbuki uso wa mama.

Jumapili iliyofuata Baba Awuor na wenzake walikuja na mabati, wakatujengea. Niliwapikia, lakini sikumsalimu. Nilimkataza Otieno kuvuka ua ule tena, naye akatii. Ilikuwa rahisi kumlaumu mtu aliyebaki kazini kuliko kukumbuka ni nani aliyeacha makaa.

Otieno alipomaliza kidato cha nne, Baba Awuor alikuja akasimama mlangoni. "Wanachukua vijana wa mafunzo ya zimamoto. Mwambie aje Ijumaa na vyeti vyake."

"Nimesikia," nilisema. Sikumwambia. Ijumaa ikapita, nami nikajisifu moyoni kwamba nina msimamo.

Siku hizi Otieno ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, kule Sori na kuwauza mjini, wala halalamiki. Baba Awuor tulimzika kwao Lambwe mwaka jana. Uwanja una gari jipya, na povu lake halina harufu yoyote. Mwezi uliopita Otieno alinitembelea na bintiye, tukasimama kando ya ua wakati wa majaribio. Alimbeba mtoto begani, akaanza kumwonyesha: mzinga ule, tangi lile, pampu iko pale, mipira ya maji inakaa kwenye mlango wa pembeni. Hakukosea hata kimoja.

"Baba, mbona hukufanya kazi hii?" mtoto akauliza.

Otieno akacheka. "Hawakuniita, mama."

Nikashika waya wa ua kwa mikono miwili. "Otieno," nikasema, "walikuita."